Kolwezi na habari za Goma: anayekwenda peke yake kwa pikipiki apime nini

Januari 27, 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Wiki zile, mtu wa Dar es Salaam, Arusha au Nairobi aliyekuwa amejipanga kufunga mizigo nyuma ya pikipiki aende Kolwezi peke yake alikuwa na hakika ya kuambiwa jambo moja na kila aliyemuaga: Kongo kuna vita, usiende. Wasemao hivyo husema kwa mapenzi, na habari yenyewe ilikuwa ya kweli. Lakini Kongo ina ukubwa unaozidi mara mbili ule wa Tanzania, na hakuna msafiri anayepita nchi nzima. Anapita barabara moja, siku fulani, saa fulani.

Chukua ramani upime. Kutoka Goma hadi Kolwezi ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Kampala. Hakuna mtu wa Dar anayeacha kwenda Bagamoyo kwa sababu Kampala kumelia risasi. Majimbo ya Kivu Kaskazini, ambako ndiko Goma iliko, na Ituri yaliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Lualaba, ambalo makao yake makuu ni Kolwezi, halikuwekwa. Ukisikia "Kongo" ukaishia hapo, umeyachanganya majimbo 26 katika sufuria moja.

Hata hivyo, anayekunja ramani hapo na kujiambia kwamba mambo yamekwisha naye amejidanganya. Siku moja tu baada ya Goma kutekwa, Januari 28, waandamanaji wa Kinshasa walizivamia balozi za Rwanda, Uganda, Kenya, Ufaransa, Ubelgiji na Marekani. Ubalozi wa Kenya uliporwa. Kinshasa iko mbali zaidi na Goma kuliko Kolwezi, na vita vyenyewe havikuwa vimefika hata karibu na mji huo. Hasira ilifuata bendera, haikufuata barabara.

Na pikipiki ina bendera yake: kibao cha namba. Hili wasafiri wengi hawalipimi kabisa. Desemba 2023 Corneille Nangaa, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kongo, alitangaza muungano wake wa AFC akiwa Nairobi, na M23 wakawa ndani yake. Kinshasa ikamwita balozi wake nyumbani. Kwa hiyo mwenye kibao cha Kenya na mwenye kibao cha Zambia wanaweza kufika kwenye kizuizi kimoja cha polisi, saa ileile, na mmoja akapita huku mwingine akiambiwa ateremke. Mnyarwanda ana mzigo mzito zaidi, na hata asiye Mnyarwanda, ikiwa sura yake au lafudhi yake inawafanya watu wamdhanie hivyo, anao. Ni jambo chungu kuliandika, ila kulinyamazia ni kumwacha msomaji aende akiwa gizani. Kabla ya kuuliza kama njia ni salama, jiulize ni salama kwa nani, na wewe ni nani machoni pa askari asiyekujua.

Tuje Kolwezi kwenyewe. Mji huu una kumbukumbu yake, nayo haiwapi raha wanaopima usalama kwa umbali peke yake. Jumamosi ya Mei 13, 1978, wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC wakiongozwa na Nathaniel Mbumba waliingia mjini wakitokea Angola kwa kupitia ardhi ya Zambia. Kolwezi ulikuwa mji wa kazi, wa kampuni ya madini ya Gécamines, wenye nyumba zilizopangwa mistari na king'ora cha zamu. Siku hiyohiyo ukawa mikononi mwa waasi. Askari wa miavuli wa Ufaransa walirushwa hapo Mei 19, na kati ya tarehe hizo mbili walikuwa wamekufa mamia ya Waafrika na zaidi ya Wazungu 100. Wazee wa Manika na Dilala hawahitaji kusoma haya kitabuni. Wanajua kwamba vita vinaweza kuja kwa mlango ambao hakuna aliyekuwa akiulinda.

Siku hizi misukosuko ya Lualaba ina chanzo kingine, nacho kiko chini ya miguu. Jimbo hili, lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, limekalia shaba na kobalti, na karibu kila ugomvi wake ni wa nani achimbe wapi. Hata mabaki ya Kingamyambo na bonde la Musonoi, yaani mchanga uliokwisha kuchujwa na viwanda vya zamani, yaligombaniwa: serikali ilifuta leseni ya mradi huo mwaka 2009, na kampuni ya First Quantum ya Kanada ikafuata haki yake hadi mwaka 2012, ilipokubali kulipwa dola bilioni 1.25. Huo ni ugomvi wa wakubwa, unaomalizwa na mawakili. Ugomvi wa wadogo humalizwa kwa njia nyingine. Juni 27, 2019 mgodi ulibomoka katika eneo la kampuni ya Kamoto na kuua makumi ya wachimbaji wadogo walioingia bila ruhusa. Mwezi huohuo jeshi lilikuwa limetumwa kuwaondoa wachimbaji kwenye eneo la Tenke Fungurume, na baadaye likapelekwa Kamoto pia. Novemba 15, 2025, katika mgodi wa Kalando, kusini-mashariki mwa Kolwezi, daraja lililotengenezwa kwa mikono lilivunjika chini ya watu waliokuwa wakikimbia, wakafa watu wasiopungua 32. SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia uchimbaji mdogo, ilisema watu walikuwa wakikimbia milio ya risasi za askari.

Mtu anayejiandaa kwa safari anapata nini hapa? Anapata dalili za kutazama, na dalili hizo hazimo kwenye habari za Goma. Februari 22, 2025, wakati dunia nzima ikiangalia Kivu, serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi. Katazo lile liliongezwa muda, kisha Oktoba likaondolewa na kuwekwa viwango vya kiasi ambacho kila kampuni inaruhusiwa kuuza. Kwa Kolwezi, hiyo ni habari ya chakula cha jioni. Bei ya mfuko wa madini ikianguka kwenye maghala ya Musompo, vijana wengi hubaki mitaani bila kitu. Jeshi likisogezwa kwenye mgodi, barabara ya kuuendea hubadilika ndani ya asubuhi moja. Anayetaka kuijua hali ya Kolwezi afuatilie habari za migodi kama mkulima afuatiliavyo mawingu, na ajue ni maeneo gani wachimbaji wanaondolewa wiki ile.

Baada ya yote hayo, hatari kubwa kuliko zote kwenye njia hii haina bunduki. Ina matairi.

Njia ya kawaida ya kutoka Tanzania ni Tunduma, kisha Zambia nzima kupitia Mpika, Kapiri Mposhi, Ndola, Kitwe, Chingola na Chililabombwe, hadi mpakani Kasumbalesa. Kutoka hapo ni kama kilomita 90 hadi Lubumbashi, kisha takriban 300 za lami kupitia Likasi na Fungurume hadi Kolwezi. Ndiyo njia ya shaba ya dunia kwenda baharini. Malori yanayopanda hubeba salfa, chokaa, mashine na mafuta; yanayoshuka hubeba mabamba ya shaba na magunia ya kobalti. Mengine hubeba asidi ya salfuriki, maana bila asidi hiyo viwanda vingi vya kule haviwezi kuitoa shaba kwenye mawe. Februari 20, 2019, lori la asidi lililokuwa likielekea mgodi wa Mutanda liligongana na basi dogo karibu na kijiji cha Kabwe, kwenye barabara hiihii. Walikufa watu wapatao 20, na wengine waliunguzwa na kilichomwagika. Hakukuwa na waasi, hakukuwa na maandamano. Ilikuwa Jumatano.

Nalirudia hili kwa sababu akili ya binadamu huogopa kinachotangazwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 kuhusu usalama barabarani inaipa Afrika kiwango cha juu kuliko kanda nyingine zote: takriban vifo 19 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Mwenye pikipiki yumo katika wale wasio na bati la kuwakinga. Kati ya Likasi na Kolwezi atakuta lori bovu limesimama katikati ya njia, matawi ya miti yametandazwa nyuma yake badala ya alama ya pembetatu, na giza likishaingia matawi hayo hayaonekani. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi la njia za kando za migodi hufunga macho. Masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, mashimo hujaa maji na huwezi kujua lipi lina kina cha kiganja na lipi litameza gurudumu la mbele. Kolwezi iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, na giza huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Ukiniuliza kanuni moja ya kuokoa maisha kwenye njia hii, nitakwambia: saa kumi jioni uwe umeshafika unapolala. Giza linaleta ajali, na linaleta pia wezi ambao madereva wa malori wa Tanzania na Zambia wamewalalamikia kwa miaka mingi.

Hao madereva ndio watu wa kwanza wa kuulizwa. Serikali za Ulaya na Marekani hutoa maonyo kwa raia wao, na mengi yameandikwa kwa uangalifu, jimbo kwa jimbo; yasome. Lakini yameandikwa kwa mtu anayekuja kwa ndege na kulala hotelini. Dereva wa Kitanzania anayesubiri foleni Kasumbalesa anajua kilichotokea juzi usiku na kilomita kilipotokea. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo kwa muda baada ya mzozo wa bidhaa, Kinshasa ikiwa imekataza vinywaji kutoka nje na watu wa Kasumbalesa wakiwa wameandamana. Wengi waliokuwa wakifuatilia Kongo kwa sababu ya vita hawakuisikia habari hiyo. Madereva waliisikia kabla ya magazeti, kwa kuwa walikuwa wamelala ndani yake. Na wanajua maumivu ya upande wa pili pia: Septemba 2016 wenzao, wengi wao Watanzania, walitekwa na wapiganaji wa Mai-Mai karibu na Namoya, mashariki mwa nchi, malori yao kadhaa yakachomwa, nao wakaokolewa baada ya siku chache.

Namna ya kuuliza ni kazi yenyewe. Ukimuuliza mtu "je, ni salama?" atakujibu anavyojisikia siku hiyo, au atakujibu kwa adabu ili asikukatishe tamaa. Uliza mambo yanayohesabika. Basi la Lubumbashi liliondoka leo? Lilifika saa ngapi? Wewe mwenyewe ulipita lini mara ya mwisho? Nani ameacha kupita, na kwa nini? Kuna kizuizi kipya kilichoongezeka, na kina askari wa aina gani: polisi wa barabarani, ambao kule wanaitwa roulage, polisi wa migodi, au wanajeshi? Kizuizi cha roulage ni jambo la karatasi na subira. Wanajeshi wengi mahali ambapo wiki iliyopita hapakuwa na mtu ni habari nyingine kabisa. Waulize vijana wa taksi-moto kwenye kituo cha mafuta cha Likasi: wao hawawezi kujificha ndani ya gari, kwa hiyo wanachokiogopa wao kinakuhusu wewe. Salimu kwanza, tena kwa utulivu. Papa, mama, yaya, haya ni maneno yanayofungua mlango. Kisha uliza kwa Kiswahili cha huko kama barabara eko bulongo, yaani iko vizuri, unyamaze usikilize.

Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2002, hutangaza pia kwa Kiswahili, na msikilizaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kusubiri tafsiri. Tanzania ina ubalozi mdogo Lubumbashi, na Zambia pia. Wapigie kabla ya kuondoka, uwape jina lako, namba ya pikipiki na tarehe unazotarajia kupita. Hii si heshima ya kiofisi. Siku utakapozuiwa mahali, wa kwanza kupigiwa simu watakuwa hao.

Maana aliye peke yake ana tatizo ambalo waliofuatana wawili hawana: akianguka, hakuna wa kusema kwamba ameanguka. Wapo wanaofanya safari ndefu hivyo na kufika. Mwaka 2024 Ebaide Udoh wa Nigeria aliondoka Mombasa kwa pikipiki akafika Lagos peke yake, tena kwa kuzunguka kusini kupitia Namibia na Angola. Siuoni mzunguko ule kama woga. Njia fupi kwenye ramani si lazima iwe njia. Anayekwenda Kolwezi naye apange nani atapokea ujumbe wake kila jioni, saa ngapi, na mtu huyo afanye nini saa hiyo ikipita kimya. Asiwe na jibu la "nitasubiri kidogo". Awe na namba ya hoteli ya Likasi, ya ubalozi mdogo, ya mtu mmoja Lubumbashi, na aanze kupiga.

Ukimya wenyewe usomwe kwa akili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018 serikali ya Kongo ilizima intaneti kwa karibu wiki tatu. Na sisi Watanzania hatuna haki tena ya kuyasema hayo kama mambo ya majirani: Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wetu, intaneti ilizimwa nchini na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mpanda pikipiki aliyekuwa Lubumbashi wiki ile, ambaye ndugu zake walikuwa wamemwonya kuhusu Kongo, ndiye aliyekuwa akihangaika kujua kama wao wako hai. Kwa hiyo mpango wa mawasiliano uwe na njia ya simu ya kawaida, si ujumbe wa intaneti peke yake, na namba ziandikwe kwenye karatasi.

Mengine ni ya haraka lakini yasisahauliwe. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano utaulizwa mpakani. Ulizia bima ya kadi ya njano ya COMESA kabla hujafika. Dola ziwe safi, maana noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa. Kamera ya kofia iondolewe kabla ya mpaka ikae begini: daraja, uwanja wa ndege, kambi na mgodi havipigwi picha, na mgeni aliye peke yake akipiga picha karibu na shimo la kobalti hudhaniwa kuwa mpelelezi au mnunuzi, na kati ya hayo mawili sijui lipi lina matatizo zaidi. Ukibaki na barabara kuu bila kuchepuka kuelekea machimboni, umejiondolea nusu ya maswali.

Jambo la mwisho ni gumu kuliko yote, kwa kuwa linahitaji kufanywa ukiwa bado nyumbani, ukiwa umeshiba na una akili timamu. Andika masharti ya kugeuza. Nikifika Chililabombwe nikakuta mpaka umefungwa, nalala siku mbili, kisha narudi. Mabasi ya Lubumbashi kwenda Kolwezi yakisimama, siendi. Mapigano yakisogea kusini kutoka Uvira, ambao M23 waliuingia Desemba 2025, kuelekea Kalemie, siingii Kongo kabisa. Mpe karatasi hiyo mtu anayekupenda, umwambie akukumbushe. Barabarani, baada ya kilomita 2,000 na pesa nyingi, kila mtu hupata sababu ya kuendelea. Na ukikwama, atakayekutoa si wewe peke yako: ni mwanakijiji atakayekuficha, ni dereva atakayekubeba, ni muuguzi atakayetumia dawa iliyokuwa ya mtu mwingine. Hao hawakuipanga safari yako, na hatari utakayowaachia watabaki nayo.

Maoni yangu ni haya. Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, mchana, wakati wa kiangazi, kwa mpanda mwenye uzoefu ambaye ameuliza wiki hiyohiyo na akapata majibu yanayolingana kutoka kwa watu watatu wasiojuana: njia hiyo inapitika, na kinachopaswa kumnyima usingizi ni malori. Lakini wapo wanaovutwa na njia ya mkato ya kuvuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kalemie, kisha kushuka kwa Manono na Mitwaba. Eneo la Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa pembetatu ya kifo kwa sababu ya wapiganaji wa Gédéon Kyungu Mutanga, na jimbo la Tanganyika limebeba pia vita vya Watwa na Waluba. Barabara zake ni za udongo, simu hupotea, na hakuna foleni ya malori ya kuiuliza chochote. Njia hiyo usiipite peke yako.